Kizingiti Chini ya Mchanga

Baba Hawa, mume wangu,

Amani iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa letu. Kabla ya lolote, mguu unaendeleaje? Usinijibu "tunamshukuru Mungu" halafu ukanyamaza, maana hilo ndilo jibu lako hata jino likikuuma. Nataka kujua kama sasa unaweza kuukunja, na kama Hawa anakukanda kwa maji ya chumvi kila jioni au ameanza uvivu wa shangazi zake. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika na vidole vimechanika kwa mchanga, lakini nakula na nalala.

Nakuandikia kwa sababu simu huku inashika juu ya kilima tu, na kilimani hapo hapakosi watu, kila mmoja ametega sikio. Barua nampa dereva wa lori la mahindi, ataiacha kwa binamu yangu Rukia pale Kikuyu mjini, naye Rukia anakuja Kondoa kwenye harusi.

Neno la kwanza: usiuze ng'ombe. Najua tulivyopatana. Nikikuta mahali penye dhahabu ya kweli nikutumie habari, uuze wale ng'ombe wetu wawili, ukodi pampu uje, tuchimbe msimu mmoja wa maana, kisha tufungue duka na kuachana na maisha haya ya karai. Soma hadi mwisho ndipo ukasirike.

Tangu kiangazi kianze tumezunguka mpaka nimesahau rangi halisi ya khanga zangu. Kiongozi wetu ni yuleyule Shija, Msukuma mwenye roho nzuri na haraka nyingi. Upande wa Kongwa tuliambulia vibapa vyembamba vya dhahabu, vile vinavyoelea juu ya maji kama magamba ya dagaa. Ulinifundisha mwenyewe kwamba dhahabu iliyobapa na kulainika imetembea sana, kwao ni mbali. Tukahama. Tukapita mito isiyo na tone, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Maji ya kuoshea tulikuwa tunaletewa kwa punda, tunayarudia yaleyale ndani ya pipa mpaka yanakuwa uji, na kwenye uji hata macho yako wewe yasingeona kitu. Nimechoka, Baba Hawa. Kuna siku naosha karai na sijui natafuta nini.

Halafu tukafika kwenye mto huu. Siku ya kwanza tu niliona mawe meupe yenye kutu, kama bati la zamani, yamemwagika kutoka mlimani. Nikaanza kupanda na mto kama ulivyonionyesha, kila kona nachota upande wa ndani, pale maji ya masika yanapopunguza mbio. Mchanga mweusi ukawa unaongezeka. Nikaenda hivyo mpaka nikafika kwenye visima vya wanakijiji.

Unavijua visima vyao, mashimo ndani ya mchanga wa mto, kila nyumba na lake, limezungushiwa miiba ng'ombe wasiingie. Pale nilimkuta mama mmoja, umri kama wangu, anaitwa Mama Yona. "Mbukwa," nikamsalimia kwa Kigogo changu cha kuokoteza.

Akacheka. "Umetoka wapi wewe, unasalimia kama mtoto?"

"Kondoa."

"Kondoa mna milima. Maji mnayo?"

"Si haba."

"Sisi ni haya tu, mpaka mvua."

Kwao maji ya kunywa hanyimwi mgeni, ila ukinywa kisimani kwa mtu unashuka kumsaidia kuzoa mchanga, maana jua linavyokaza ndivyo maji yanavyozidi kushuka na kisima kinataka kuchimbwa kuyafuata. Nikanywa, nikafunga khanga, nikashuka mpaka kichwa kikapotea. Nikawa najaza ndoo, yeye anavuta. Mwisho mguu ukagusa jiwe. Nikalipapasa kushoto na kulia, halikuwa na mwisho. Ni mwamba umelala kuukata mto mzima, umezikwa, kama kizingiti cha mlango. Ndipo nikaelewa kwa nini maji yanakaa juu yake, na ng'ambo yake, mto unakoteremkia, ukichimba mpaka kichwa kizame huoni hata unyevu.

Nawe unajua kinachokaa pamoja na maji mahali kama hapo. Umeniimbia miaka yote kwamba dhahabu ni nzito na ni mvivu, ikikuta kizingiti inaketi.

Nilimwomba Mama Yona mchanga wa ndoo ya mwisho, nikauosha palepale. Zikabaki punje. Si vibapa. Punje zenye kona, na moja imeng'ang'ania kipande cha jiwe jeupe. Nilifungua mdomo nipige kigelegele, ikatoka chafya.

Mama Yona akainama juu ya karai. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Kwa dada yangu wachimbaji walivunja jiwe kama hili," akasema. "Maji yakaondoka. Sasa anafuata maji na punda, anatoka jogoo hajawika." Alisema hivyo bila ukali, kisha akachukua dumu langu akalijaza, akanitwisha.

Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka kichwa kinauma. Wewe ungefanyaje? Najua, ungepiga baruti, maji yapate njia, ndipo ushuke kwenye nyufa. Hakuna namna nyingine, maji yale pampu haiyamalizi. Dhahabu ile haitoki mpaka maji yatoke kwanza, na yakishatoka hayarudi, hata mvua ije ya namna gani. Zile punje nilizimwaga kisimani.

Jioni Shija akaniuliza, "Mama Hawa, kule visimani vipi?"

"Udongo tu."

"Una hakika?"

"Nimeshuka mpaka chini, Shija. Udongo."

Akaniamini, kwa sababu sijawahi kumdanganya. Akasema basi, tuvunje kambi, mvua zenyewe hizo zinakuja. Naye ana watoto wanaomsubiri Shinyanga, na nilipomwona anakunja turubai nilitaka kumwita nimwambie yote. Usidhani najiona mtu mwema. Nina hasira, na nilikwenda nyuma ya kichaka nikalia kwa ajili ya duka letu, lile ulilokwisha kulichagulia rangi ya mlango. Lakini nilikuwa nimekunywa yale maji.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie dawa yake ya macho nitaitafuta nikipita mjini. Mdogo wako, fundi baiskeli, msalimie sana, ila barua hii usimsomee. Jirani anayetuchungia mbuzi mwambie kitenge chake sijakisahau. Hawa mwambie mama yake anarudi kabla ya kupanda, na asiguse mbegu za uwele.

Mwenyewe nakujua. Ukishamaliza kusoma utanyoosha huo mguu, ufumbe macho, uanze kupita mito ya Ugogo mmoja mmoja kichwani, unatafuta wenye mawe meupe yenye kutu. Iko mingi, na kutoka barua hii hutaupata. Nikifika nitakukanda mguu mwenyewe. Nitakupikia, nitakucheka, nitalala ubavuni pako kama zamani. Utaniuliza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa upole tena. Sitakuambia ni mto gani.

Ni mimi mkeo, narudi mikono mitupu,

Mama Hawa