Aliyeketi Kwenye Kigoda cha Lukasi

Kilosa, 4 Machi 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa mguu umepungua na jiko la hoteli halikuchoshi sana. Mimi sina homa wala kikohozi, ila usingizi umenikimbia.

Benki yetu inasafishwa madeni kabla ya kubadilishwa. Amri imetoka Dar es Salaam: kila mwenye deni la zamani, kama ana pesa katika akaunti yoyote, ikatwe bila kumuuliza, halafu ajulishwe. Jina la mjomba Lukasi limetokea. Ni mkopo wa ile mashine ya kusaga ya Kidete, iliyobebwa na mto Mkondoa mwaka mmoja kabla hajafa.

Na akaunti yenye jina hilo ipo, Mama. Ni ya kaka Damiano. Tangu ukoo ulipomkalisha kwenye kigoda cha mjomba akarithi jina, hajitambulishi kwa lingine. Alipopunguzwa kazi shamba la mkonge akaja kuweka kiinua mgongo chake, alitoa jina la mjomba na kadi ya chama ya mjomba. Hakudanganya. Kwake yeye ndivyo alivyo.

Meneja wetu, Bwana Cleopa, ameniita. "Alex, hawa ni mtu mmoja au wawili? Wewe ndugu yao, niandikie kwa sahihi yako." Mwisho ni Ijumaa. Nikiandika wawili, pesa ya kaka inapona. Nasubiri jibu lako.

Mwanao,
Alex

Mikumi, 6 Machi 1996

Mwanangu Alex,

Marahaba. Mguu uko vilevile. Tembo wameingia tena, wamemaliza migomba ya jirani, yangu wameiruka, sijui kwa nini.

Usiandike hayo maneno. Siku ile ya kigoda ulikuwa mtoto wa miaka kumi, lakini wewe ndiye uliyeshika bakuli la maji. Ulinisikia nikimwamkia mwanangu wa kumzaa, "Shikamoo, kaka." Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana aliitika kwa sauti ya marehemu. Na wazee walituonya: wa damu yake akimkana, jina linamtoka, nalo halimwachi mzima.

Nimemweleza mwenyewe habari ya benki. Amesema, "Waache wakate. Si nilikopa?" Nikamwambia aache utani, alikuwa bado shule ya msingi mashine inanunuliwa. Hakuwa akitania, Alex.

Pesa iende. Tutalima.

Mama yako

Kilosa, 11 Machi 1996

Mama,

Shikamoo. Pole na mguu. Barua yako imenifikia leo Jumatatu. Ijumaa nilishaandika.

Niliandika kwamba Lukasi amekufa, na mwenye akaunti ni Damiano, mtu mwingine kabisa. Niliandika vizuri, hoja kwa hoja, kama tulivyofundishwa. Bwana Cleopa alinishika mkono. Pesa ya kaka ipo yote, haijaguswa. Nilitaka ufurahi.

Lakini saa ileile, nilipoinua kichwa, palikuwa na mzee katika foleni ya dirisha langu. Wa tatu. Niliwahudumia wawili wa mbele, nikawahudumia na waliokuwa nyuma yake, naye bado wa tatu. Leo amekuja tena. Hildegarda wa dirisha la pili ameninong'oneza, "Wewe Alex, mhudumie basi mzee wako. Anatutazama kama tumemlia kuku wake." Kwa hiyo si macho yangu tu.

Amevaa koti la kaki lenye kifungo kimoja cheusi kati ya vya kahawia. Kile ulichoshona wewe. Nakuomba uangalie msumarini chumbani kwa kaka, uniambie koti la mjomba lipo.

Mwanao,
Alex

Mikumi, 15 Machi 1996

Mwanangu,

Marahaba. Koti halipo. Msumari uko mtupu.

Kaka yako alilala Ijumaa ile mchana na hajaamka kwa maana ya kuamka. Daktari haoni ugonjwa. Nikimwita Lukasi, haitiki. Nikimwita Damiano, ananitazama kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, anasema, "Huyo mlimtoa. Mkamweka wapi?" Uji unamwagikia shingoni.

Babu yako Isaya ameshuka kutoka Berega. Anasema hapa nyumbani hakuna la kufanya. Jina liko nje, limesimama mlangoni kwa aliyelitoa. Likibaki nje, litaondoka na Damiano. Likikaribishwa ndani, litamwachia.

Sikuambii uchague. Wote nimewazaa.

Mama yako

Mikumi, 24 Machi 1996

Nimesubiri barua yako, haikuja. Damiano jana hakufumbua macho. Babu Isaya amesema nikuamkie kwa maandishi, kwa kuwa hutapata ruhusa ya kuja kuketi kigodani. Ukikaa kimya nitaelewa, na sitakuuliza hadi nife.

Kaka yangu,

Shikamoo.

Mdogo wako,
Letisia

Kilosa, 27 Machi 1996

Mdogo wangu Letisia,

Marahaba. Mguu huo uufunge majani ya mbarika, usikusumbue.

Yule mzee alifika dirishani jana, wa kwanza. Alivua koti akaliweka juu ya kaunta, akatoka. Limenienea mabegani.

Nimemwambia Cleopa deni ni langu, akate mshahara kila mwezi mpaka liishe. Ameniuliza mbona nimeweka dole gumba, nami ndiye mwenye mwandiko mzuri kuliko wote ofisini. Kalamu ilinishinda. Hata hii ananiandikia binti mmoja, Hildegarda. Analia, sijui analilia nini.

Damiano akiamka mpe uji mwepesi kwanza. Pesa yake ni yake, ajenge.

Na ile mashine haikwenda mbali. Gurudumu lake liko mchangani chini ya mkuyu, kona ya pili ukishapita daraja la reli. Usiku ule wa mafuriko nilisimama hapo nikilisikia likigonga mawe mpaka alfajiri. Nilikwambia, ukanicheka. Mtume mtu achimbe.

Kaka yako,
Lukasi