Tikiti Zangu Kumi za Moto

Jumatatu, 3 Juni 1996
Leo watu wa shirika la misaada wamegawa tikiti za moto. Kila mtu kumi kwa mwezi, sisi wa hapa Kakuma na wakimbizi sawasawa, maana miti inaisha. Tikiti moja ni mzigo wa kuni, mbili ni chupa ya mafuta ya taa. Ukitaka unabadilishana na mwenzako. Mimi Aukot sihitaji moto! Nimechunga kutoka Lokori mpaka Nakalale kwa maziwa na damu ya mifugo tu. Zote kumi nimempa Nyibol, yule mama Mdinka wa kambini. Amenipa tumbaku. Kali! Nimewashinda wote.

Nakeno, mke wangu, anafikiri nimeziweka.

Jumamosi, 8 Juni
Nakeno amekohoa mpaka mbuzi wakageuka kuangalia. Daktari aliyetoka Lodwar amesema moshi unamaliza kifua. Apikie stovu ya mafuta, asiinamie kuni tena. Nakeno akaniita kwa jina la mwanetu, "Baba Epuyo, zangu nimechukulia kuni zote. Lete zako." Nikasema ziko.

Haziko!

Jumatatu, 10 Juni
Kwa Nyibol. Nataka tikiti zangu. "Na tumbaku? Utanirudishia moshi, mzee?" Anataka kuni kavu za shamba langu la miti kule mtoni Tarach. Miti ya baba yangu, hakuna anayevunja kijiti bila mimi. Mzigo mmoja, tikiti moja. Lakini nibebe mwenyewe, kichwani! Nikamwambia mwanaume Mturkana habebi kuni.
"Basi mama akohoe, wewe ukae na heshima yako."
Mwanamke mbaya huyu. Ana akili.

Jumatano, 12 Juni
Nimebeba mizigo miwili. Pale bombani wanawake wamepiga vigelegele — "Aukot ameolewa!" Wacheke. Hakuna kati yao anayebeba na shingo imenyooka kama yangu.

Nakeno nimemwambia natafuta mbuzi.

Alhamisi, 13 Juni
Nakeno amenikuta. Hapa mtoni, maji yamekauka, katikati ya mchanga, mzigo kichwani. Hakucheka. "Umefunga vibaya," akasema. Akaushusha, akaufunga upya, halafu akaukalia! Anauliza ni mwanamke gani ninayembebea kuni, na yeye miaka arobaini sijambebea hata kijiti.

Nikisema, atajua tikiti zilienda wapi. Nikinyamaza, jua litatumaliza wote wawili. Nimetoa daftari, najifanya nina kazi.

Anakohoa. Amesogea kidogo. Sasa kuna nafasi ya mtu mmoja juu ya kuni —