Barua ya Hajiwezi

Jumatatu, 5 Machi 1984

Nimefika Kibaha saa nne, juu ya lori la mkaa. Gauni langu la Idi limekuwa jeusi – basi tena. Kiwanda cha sare kinataka washonaji. Kushona nimefundishwa Kisarawe na shangazi Biubwa, miaka sita. Nikamwambia bwana wa utumishi, Gregori, kwamba redioni nimeisikia sheria ya mwaka juzi: kiwanda kikubwa, katika kila watu mia, kiajiri walemavu wawili. Akasema sheria anaijua, hana ubishi nayo. Kisha akaisoma barua ya mjumbe wetu wa nyumba kumi kwa sauti, makarani wote wanasikia. Siwema binti Pazi, mguu umepooza, hajiwezi kwa lolote, asaidiwe. Akaikunja. Sheria ni ya mlemavu anayeweza kazi, dada. Kwenu wenyewe wameandika huwezi.

Mjumbe wetu, Mzee Mwinyimadi, kaandika kwa huruma. Ndivyo wanavyotuandikia siku zote.

Jumanne, 6 Machi

Mvua. Sikutoka. Hasira tupu.

Jumatano, 7 Machi

Nimemwendea Mzee Mwinyimadi. Shikamoo, marahaba mwanangu. Nikaomba aandike upya: anajiweza. Akauliza kama nina akili timamu. Hiyo hajiwezi ndiyo inayonitoa kwenye zamu ya shamba la kijiji, mwaka wa nne huu! Nijiweze Kibaha, halafu hapa Mlandizi nisijiweze? Akaandika, lakini. Jumamosi jina langu litasomwa shambani pamoja na wengine.

Mama hataki niende. Jembe kalificha.

Jumamosi, 10 Machi

Nimelima, na jembe la kuazima. Nimekaa chini, nikijisogeza, kama ninavyolima nyumbani kila msimu. Zubeda, jirani yetu, na wenzake wakaacha kazi wakanitazama. Mmoja akasema masikini. Wao mistari mitatu, mimi mmoja na kipande. Viganja vimechubuka, sindano haishikiki.

Mama kaja saa sita na maji. Akalia mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 12 Machi

Kibaha tena. Naandika nimekaa humu humu ofisini kwao.

Gregori kaziweka barua zote mbili mezani. Mwandiko mmoja, mhuri mmoja, siku mbili tatu kati yake. Ipi ya uongo? Nikasema ya kwanza. Basi mjumbe wenu mwongo, na barua ya mwongo nitaipokeaje? Nikamwomba cherehani na kitambaa, dakika kumi tu. Kaenda kumwita meneja. Kasema akirudi niache mkongojo, nitembee hadi mlangoni na kurudi, wajionee wenyewe kama najiweza.

Kazi yenyewe ni ya kukaa. Nilimwambia. Akasema utaratibu.

Cherehani zinasikika nyuma ya ukuta huu. Nyingi. Makarani wamesogeza meza kunipisha njia. Mmoja kanipokea mkongojo, kwa adabu kabisa, kausimamisha kule mlangoni.