Nafasi ya Dada Yako

2 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Unakula, au unakodolea kompyuta tu? Sisi wazima, ila goti langu linajua mvua kabla ya redio. Ule ukurasa wa intaneti uliotengenezea cherehani zetu nimewaonyesha wateja wote, hata muuza mkaa. Nawaambia, "Huyu nimemzaa mimi, niliyeishia darasa la nne!" Ila kwenye ile safu ya picha za mafundi, dada yako bado ananitazama. Tangu tumzike, nikiufungua nafunika uso wake kwa kiganja. Mwondoe.

Mama yako, fundi

3 Machi

Shikamoo mama. Pole na goti. Nimeshamwondoa.

Mwanao

9 Machi

Marahaba mwanangu, u mzima? Umemwondoa wapi sasa? Kati yangu na shangazi yako kumebaki pengo kama mlango wazi. Mteja kaniuliza, "Fundi, hapa kasimama nani?" Nikacheka, nikamdunga pini kiunoni, maskini. Picha ilikuwa inanitazama tu. Hili pengo linaningoja. Lizibe!

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama, nawe u mzima? Ukweli, sikumfuta. Nilimsogeza nje ya ukingo wa kioo. Amri niliyoiandikia kompyuta husogeza picha tu. Nafasi yake hubaki palepale, jirani haingii. Nikimfuta, wewe na shangazi mtasogeleana, na hakuna atakayejua kulikuwa na mtu. Nilijaribu, mkono ukakataa. Sema wewe, nitafuta.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu, hujambo? Usidhani nimenuna. Neno lile, "futa", halitoki. Shangazi yako analalamika kwamba kila asubuhi nagusa pale patupu mpaka kioo kimeingia alama. Hivi mashine yako inajua kupunguza kimo? Mrudishe, lakini awe kama kifungo cha shati. Nitakuwa nakwambia lini umkuze.

Mama yako

1 Mei

Shikamoo mama. Inajua. Nafasi ni ileile, yeye tu ndiye mdogo ndani yake. Ameshaingia.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu, hujambo? Goti limetulia. Ulipomfikisha ukubwa wa kidole gumba nilimwita yule mteja wa pini: "Huyu binti yangu mkubwa, akikunja pindo hutauona uzi!" Nikajigamba wee!

Leo asubuhi macho yake yameanza kuonekana.

Ishia hapo kwanza. Asikue, asipungue. Nikizoea kutazamwa, nitakwambia.

Mama yenu