Visima sitini na kimoja juu ya bati moja

Kasongo, Jumanne

Leo asubuhi nimepoteza visima sitini na kimoja vya vijiji vya Lusangi. Nilifungua ramani, nikavikuta vyote juu ya bati moja, paa la soko la Wamaza.

Nilimtuma shemeji Shabani na pikipiki afike kwenye kila kisima, abonyeze GPS pale pale. Nikampigia simu, akajibu:

"Shemeji, siku ya soko watu ya kila kijiji iko pale! Niliwauliza wote majina ya visima vyao, nikabonyeza. Pikipiki ichoke bure?"

Majina yote ni sahihi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Profesa wangu anataka ramani Ijumaa. Bila hiyo, miaka mitatu ya utafiti niliyojilipia kwa kuuza sabuni...

Shabani, kesho saa moja asubuhi unijibu: unaenda Lusangi, ao hapana?