Posa Ilipogongana na Saruji

Jukwaa la kuchimba gesi, Bahari ya Kaspi, 3 Februari

Mdogo wangu Nargila,

Hujambo? Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi mzima, ila upepo wa hazri unatutafuna masikio.

Mbona maabara yako imeikataa saruji yangu? Kwa baridi hii nimepunguza dawa ya kuichelewesha kuganda, maana uji wa saruji wenyewe unajikokota kuganda. Pitisha, mkaidi wewe, tuusukume kisimani niwahi boti ya Alhamisi. Ijumaa wanakuja kumposa Fidan. Binti yangu aposwe bila baba?

Kaka yako, Agarza

Baku, 4 Februari

Shikamoo, kaka. Mama hajambo, anakuombea.

Baridi ni ya masikio yako tu. Chini kisimani kuna joto kuliko tanuri la mkate, na mgandamizo wa kule unaukaza uji upesi zaidi. Niliutia mtamboni kwa joto na mgandamizo huohuo: ukatiririka vizuri, mara ukawa jiwe. Ungegandia bombani, gesi ikapata njia ya kuwalipukia, Fidan angeposwa msibani? Ijumaa helikopta italeta mchanganyiko mpya. Nisamehe, huo wa kwako siutii sahihi.

Mdogo wako, Nargila

Jukwaani, 7 Februari

Nargila wangu,

U mzima? Mimi mzima, na leo neno hilo nalisema kwa shukrani. Jana tukiwa katikati ya kusukuma saruji yako, pampu ikafa. Fundi Mirzali akaifungua huku akiutukana ukoo mzima wa pampu, mimi nasali. Ilipowaka, uji ulikuwa bado laini. Ule wangu ungekuwa umeshaganda, na sijui tungekuwa wapi. Ahsante sana, dada. Endelea na ukaidi wako.

Lakini moyo unauma. Posa ya Fidan imeshajibiwa bila mimi. Ilikuwaje?

Kaka yako, Agarza

Baku, 8 Februari

Kaka,

Hatujambo. Mama aliposomewa barua yako alilia, kisha akala wali wa plovu sahani mbili.

Wageni walikuja, kijana kajikata kwa wembe kidevu kizima. Wote wakanitazama mimi, shangazi mtu. Nikawapa chai bila sukari, maana yenye sukari ingekuwa kukubali. Wakaelewa: hatujakataa, ila jibu bado. Mzee wao akacheka, "Chungu, lakini tutarudi." Fidan alininunia, halafu akanikumbatia kwa nguvu.

Wanarudi Alhamisi jioni, boti ikishafika. Njoo, kaka. Sukari utatia wewe.

Shangazi wa Fidan