Kwa Mdogo Wangu Niliyemfunga Kamba

Mpendwa mdogo wangu,

Unakumbuka tulivyomzika baba mdogo, aliyejiua? Mimi nilikuwa darasa la saba, wewe la tatu. Kabla ya kumshusha kaburini, kama desturi yetu ilivyotaka kwa aliyejiua, wanaume wa ukoo walimchapa viboko mmoja baada ya mwingine, mpaka sanda ikapasuka. Kulia kulikatazwa. Wewe ulilia, shangazi akakuziba mdomo. Mimi nilipewa fimbo, nikapiga.

Miaka mingi baadaye ulirudi kijijini kwetu Kagerankanda kutoka hospitali na uvimbe wa mfupa wa mguu ambao daktari alisema hauna tiba. Uliniita kitandani.

“Kaka, nimechoka. Uhai ni wangu, niache niumalize.”

“Uhai si shamba lako la maharage, uliache unapotaka. Ni wa Mungu.”

Ukacheka. “Basi Mungu aje alale na mguu huu usiku mmoja tu, mwalimu.”

Asubuhi nilikukuta umeshika panga. Tulipigana. Ulikuwa mifupa mitupu, lakini ulinikata kiganja. Nikakupiga makofi, nikakuangusha, nikakukalia kifuani, kisha nikakufunga mikono kitandani kwa kamba ya mbuzi. Ulinitemea mate usoni.

“Unaihurumia maiti yangu isichapwe,” ulisema. “Mimi mwenyewe hunihurumii.”

Ulikufa siku ya nne, ukiwa umefungwa. Watu walikulilia kwa sauti. Hakuna aliyeinua fimbo. Wazee walinipa mkono: “Umemwokoa mdogo wako.” Lakini mimi ndiye niliyekuosha. Niliona jinsi kamba ilivyokula ngozi ya mikono yako hadi nyama.

Bado ninaamini kwamba mtu hana ruhusa ya kujiua. Siamini tena kwamba nilikuwa na ruhusa ya kukufunga. Ningeweza kurudi hospitali kuomba dawa ya maumivu, hata kwa kupiga magoti. Ningeweza kukaa kando yako. Nilichukua kamba kwa sababu ilikuwa karibu, na kwa sababu niliogopa ukoo.

Jumapili iliyopita nilimwambia binti yangu, “Nikifikia hali aliyokuwa nayo mdogo wangu, usinifunge.”

Aliacha kuchambua mchele. “Na ukishika panga, baba?”

Nimefundisha miaka thelathini, na swali hilo nimekuletea wewe.

Nisamehe. Lala, mikono yako iko huru.

Ni mimi, kaka yako.